Ramani za Pori la Katavi: Kutoka kwa Kirangozi hadi GPS ya Mkononi

Mkoa wa Katavi una eneo la karibu kilomita za mraba 45,800. Sehemu kubwa yake ni misitu ya miombo, mbuga zinazofurika masika na kukauka kiangazi, na milima inayoteremka kuelekea Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Bonde la Rukwa upande wa kusini. Mji wa Mpanda, makao makuu ya mkoa tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Nje ya barabara chache zinazoingia mjini humo, msafiri wa miguu anaweza kutembea siku nzima katikati ya miti inayofanana, bila kilima kirefu cha kumwonyesha alikotoka wala anakokwenda.

Nchi ya namna hii imewadai watu wake chombo cha kutafutia njia katika kila kizazi: kumbukumbu ya mwenyeji, dira ya mgeni, karatasi ya mpima ardhi na, katika miongo ya karibuni, kifaa cha GPS cha mkononi. Kila chombo kilijengwa juu ya kilichotangulia na kurithi makosa yake. Anayechagua ramani au GPS leo kwa safari ya porini Katavi anachagua ndani ya urithi huo, na chaguo lake huwa zuri kadiri anavyoufahamu.

Njia za wenyeji na za misafara

Kabla ya ramani yoyote kuchorwa, Wabende, Watongwe, Wapimbwe na Wakonongo walikuwa na elimu yao ya mahali. Uwindaji na urinaji wa asali uliwapeleka mbali na vijiji. Mwenye mizinga alilazimika kuikumbuka miti aliyoitundika, na vijito vya kupatia maji njiani. Majina ya mito na vilima yalibeba habari za nchi na za imani. Jina la Katavi lenyewe ni la mzimu unaoheshimiwa katika masimulizi ya Wabende, mzimu wa mwindaji unaosemekana kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na hata sasa watu huacha sadaka mahali hapo.

Katika karne ya 19, biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipitisha misafara katika nchi hii na pembezoni mwake, kati ya vituo vya biashara vya Unyanyembe na Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kiongozi wa njia katika msafara aliitwa kirangozi. Alitembea mbele ya wapagazi, na njia zilipogawanyika aliziba ile isiyofaa kwa tawi au majani ili walio nyuma wasipotee. Umbali ulipimwa kwa mwendo wa siku na kwa idadi ya kambi. Palipokuwa na nyika isiyo na maji, msafara ulifanya terekeza, yaani uliondoka alasiri na kutembea hadi usiku, ukalala bila maji, kisha ukayafikia asubuhi ya pili kabla jua halijakali.

Elimu hiyo ilikuwa na ubora ambao hakuna ramani iliyoufikia upesi: ilijua maji ya msimu huu, kijiji chenye chakula na njia iliyofungwa na vita. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ilikaa kichwani mwa mtu. Kirangozi akifa, akitoroka au akifika nchi asiyoizoea, msafara mzima ulibaki bila macho.

Dira, sekstanti na kipimajoto

Wazungu wa kwanza kupima nchi hizi walizunguka na vyombo vitatu vikuu. Dira ilitoa mwelekeo. Sekstanti ilipima urefu wa jua au nyota juu ya upeo wa macho, na hapo latitudo ikapatikana. Kipimajoto cha maji yanayochemka kilitoa mwinuko, kwa sababu maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri mahali panavyoinuka. Longitudo ndiyo iliyowasumbua kuliko vyote, kwani ilihitaji saa sahihi kabisa. Dunia huzunguka robo digrii kwa kila dakika moja, hivyo saa iliyokosea dakika moja ilimsogeza msafiri karibu kilomita 28 mashariki au magharibi kwenye ramani yake.

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji Februari 1858. Speke alipima mwinuko wa Ziwa Tanganyika kwa kipimajoto kilichoharibika akapata futi 1,844, ambazo ni karibu mita 562. Uso wa ziwa hilo kwa kweli uko kwenye mita 770 hivi. Kosa la zaidi ya mita 200 liliingia katika mabishano makubwa ya wanajiografia wa Ulaya kuhusu chanzo cha Mto Naili, kwa sababu ziwa lililowekwa chini mno au juu mno liliweza kuunganishwa na mto huo au kutengwa nao kwa hoja za karatasini tu.

Nchi iliyo leo Mkoa wa Katavi ilipitiwa hasa na Henry Morton Stanley na David Livingstone. Mwishoni mwa 1871 wawili hao waliondoka Ujiji kwa mitumbwi, wakashuka mwambao hadi Urimba, kisha Januari 1872 wakashika njia ya nchi kavu kuelekea mashariki, na kufika Unyanyembe Februari. Katika kitabu alichokitoa mwaka huohuo, Stanley anaeleza kwamba kati ya ziwa na kijiji cha Imrera alilazimika kuuongoza msafara kwa dira na kwa mchoro aliokuwa ameuandaa mwenyewe, huku chakula kikipungua na watu wake wakitilia shaka chombo hicho kidogo. Dira iliwafikisha. Hata hivyo haikuweza kuwaambia palipo na chakula, na siku zile za njaa zilionyesha mpaka wa chombo kinachojua mwelekeo peke yake. Agosti mwaka huohuo Livingstone aliondoka Unyanyembe kwa mara ya mwisho, akapita tena katika nchi hizi kuelekea kusini-magharibi, na Oktoba akawa kwenye mwambao wa Tanganyika, akipima latitudo njiani.

Baada yao vipimo viliongezeka. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika huko Karema, ambacho mwaka 1885 kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama White Fathers. Joseph Thomson aliliona Ziwa Rukwa mwaka 1880 akaliita kwa jina la mfalme wa Wabelgiji, jina ambalo halikudumu. Emil Kaiser, mpimaji wa msafara wa Kijerumani uliokuwa pia na Richard Böhm na Paul Reichard, alifariki karibu na Rukwa mwaka 1882. Kila mmoja wao aliacha mstari mmoja wa safari kwenye ramani. Kati ya mstari na mstari, karatasi ilibaki nyeupe.

Ramani ya Wajerumani

Utawala wa Kijerumani ulianza kuijaza karatasi hiyo. Kazi kubwa ya wakati huo ni ramani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa skeli ya 1:300,000, iliyoanzishwa na Richard Kiepert katika miaka ya 1890 na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel huko Berlin. Sentimita moja kwenye karatasi ilikuwa kilomita tatu za ardhi.

Njia ya kuitengeneza inaeleza tabia yake. Ofisa aliyesafiri alibeba dira, saa na daftari. Kila njia ilipopinda aliandika mwelekeo mpya na saa, kisha akakadiria umbali kwa muda wa mwendo. Vilima vilivyoonekana kando vilipimwa kwa pembe, na vijiji vikaandikwa kwa majina yaliyotajwa na wenyeji. Madaftari hayo yalipelekwa Berlin, yakaunganishwa na vipimo vichache vya nyota, na mchoraji akatandaza safari nyingi katika picha moja. Umbo la milima lilionyeshwa kwa kivuli na kwa makadirio, kwa kuwa hapakuwa na vipimo vya kutosha kuchora mistari ya kontua.

Kwa hiyo ramani ile ilikuwa na habari nyingi kando ya njia zilizopitiwa na habari kidogo sana kwingine. Nyumba za machifu na vijiji vya zamani vilionekana waziwazi, na hapo ndipo ilipoanza kuzeeka. Kijiji kilichoitwa kwa jina la chifu kilihama chifu alipokufa. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza ilikusanya watu wa magharibi mwa Tanganyika katika makazi makubwa ili kuwaepusha na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Maeneo makubwa yakaachwa wazi, mashamba yakarudi msituni, na njia zilizokuwa pana zikafunikwa na nyasi. Leo majina mengi kwenye ramani za Wajerumani hayana nyumba hata moja. Kwa mwanahistoria ni hazina, maana yanaonyesha mahali watu walipoishi kabla ya kuhamishwa. Kwa anayetafuta maji au msaada, majina hayo yanaweza kumpoteza.

Pembetatu za Safu ya Meridiani ya 30

Ramani sahihi inahitaji mifupa, yaani nukta chache zilizopimwa kwa usahihi mkubwa ambazo vipimo vingine vyote hufungwa kwazo. Mifupa ya ramani za Katavi ilitokana na wazo la David Gill, mtaalamu wa nyota wa Rasi ya Tumaini Jema, aliyependekeza katika karne ya 19 kupima mlolongo wa pembetatu kutoka Afrika Kusini hadi Misri kwa kufuata meridiani ya 30 mashariki. Meridiani hiyo hupita mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, magharibi ya Mpanda.

Kipande cha Tanganyika kilipimwa kati ya 1931 na 1933 chini ya Martin Hotine, ofisa wa jeshi la Uingereza. Wapimaji walipanda vilele, wakajenga alama, wakasafisha miti iliyoziba upeo, na kupima pembe kutoka kilele hadi kilele kwa kulenga taa na vioo vilivyoakisi jua. Umbali wa msingi ulipimwa ardhini kwa uangalifu mkubwa, na pembe zikatoa umbali uliobaki. Moshi wa mioto ya kiangazi na mawingu ya masika vilibana siku za kazi, na kila chombo kilipandishwa mlimani kwa mabega ya wapagazi. Mlolongo mzima hadi Misri ulikamilika mwaka 1954, kipande cha mwisho kilipopimwa Sudani. Hesabu zake zikazaa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao ramani za Tanzania, Kenya na Uganda zilitegemea kwa miongo mingi.

Wakati huohuo Mpanda ilikuwa ikibadilika. Madini ya risasi na dhahabu yaliyogunduliwa katika miaka ya 1930 yaliwaleta wachimbaji, na mwaka 1950 ilifunguliwa reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda ili kusafirisha madini hayo. Mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli na mji vilibaki. Reli na migodi vilihitaji vipimo vya ardhi ambavyo ramani ya safari za zamani haikuweza kuvitoa.

Karatasi za 1:50,000

Hotine alichaguliwa mwaka 1946 kuongoza ofisi mpya ya London iliyopewa kazi ya kupima makoloni, ambayo kuanzia 1957 iliitwa Directorate of Overseas Surveys. Mbinu yake kuu ilikuwa picha za anga. Ndege ziliruka kwa mistari sambamba zikipiga picha zinazopandana. Picha mbili za mahali pamoja, zikitazamwa kwa chombo maalumu, hulifanya umbo la ardhi liinuke mbele ya macho, na mchoraji akaweza kufuata mwinuko uleule na kuuandika kama mstari wa kontua. Wapimaji wa ardhini waliunganisha picha na alama za pembetatu, na wengine wakapita kukagua majina.

Matokeo yake kwa Tanzania ni mfululizo wa karatasi za 1:50,000 ujulikanao kama Y742. Kila karatasi hufunika dakika 15 za latitudo na dakika 15 za longitudo, yaani mraba wa karibu kilomita 27 hadi 28 kila upande. Sentimita mbili ni kilomita moja. Juu ya picha ya ardhi kuna gridi ya miraba ya kilomita moja, na kwa Mpanda na karibu mkoa wote gridi hiyo ni ya kanda ya 36 kusini ya mfumo wa gridi wa dunia. Ng'ambo ya longitudo 30, kwenye Milima ya Mahale, huanza kanda ya 35, na anayevuka mstari huo hukuta namba za gridi zikibadilika ghafla.

Kwa mtembea kwa miguu, karatasi hizi zilikuwa badiliko kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Kwa mara ya kwanza, mtu asiyewahi kufika aliweza kuuona mteremko wa Mlele kabla ya kuufikia, kuhesabu vijito atakavyovuka na kuchagua mgongo wa kilima badala ya bonde lenye matope. Gharama yake ni wingi wa karatasi. Kutoka Mpanda hadi Karema kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 80, na safari hiyo hupita kwenye karatasi zisizopungua nne.

Karatasi hizo zina mambo yanayodai macho makini. Baadhi zina kontua za futi na nyingine za mita, na namba hiyo iko chini ya ramani. Mstari wa bluu unaweza kuwa mto wa kudumu au mfereji unaokauka kuanzia Agosti. Mto Katuma, unaoingia katika Ziwa Katavi na Ziwa Chada, huthibitisha hilo kila mwaka: masika mbuga zake hugeuka ziwa, na mwisho wa kiangazi viboko hujazana katika madimbwi machache yaliyobaki. Tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya gridi imechapishwa pamoja na mwaka wake, nayo hubadilika kidogo kidogo, hivyo tarakimu ya zamani haitoshi kwa leo.

Nchi iliyobadilika chini ya ramani

Baada ya uhuru, waliotegemea karatasi hizo na miguu yao walikuwa pamoja na watafiti wa sokwe wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Walianza kazi kwenye mwambao wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuweka kituo cha kudumu Mahale mwaka 1965. Takayoshi Kano alizunguka kwa miguu sehemu kubwa ya magharibi mwa Tanzania katika miaka hiyo kutafuta mpaka wa makazi ya sokwe. Safari kama hizo zilifanyika pamoja na Watongwe waliojua mabonde na majina yake, na ramani ikawa mahali pa kuandika elimu yao.

Nchi yenyewe haikungoja. Operesheni ya vijiji katikati ya miaka ya 1970 ilihamisha watu tena. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, na misitu iliyochorwa kama pori tupu ikawa na barabara, shule na mashamba. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974 ikiwa na kilomita za mraba 2,253, na mwaka 1998 ikapanuliwa hadi 4,471. Mipaka, barabara na vijiji vikawa tofauti na vilivyochorwa kutokana na picha za anga za zamani. Milima na mabonde pekee ndiyo yaliyobaki mahali pake, na hiyo ndiyo sababu karatasi za 1:50,000 bado zina thamani: kontua zake hazizeeki, ingawa njia zake zimezeeka.

GPS yafika porini

Setilaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS wa Marekani ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ukatangazwa kuwa kamili mwaka 1995. Kifaa cha kwanza cha mkononi kwa raia, Magellan NAV 1000, kilitoka mwaka 1989. Namna kinavyofanya kazi haiko mbali sana na sekstanti na saa za karne ya 19: kinapokea muda kutoka setilaiti nne au zaidi, kinapima ucheleweshaji wa kila ishara, na kukokotoa mahali. Tofauti ni kwamba saa za setilaiti haziachani kwa dakika wala sekunde, na longitudo iliyowatesa wasafiri wa kale hupatikana kwa urahisi sawa na latitudo.

Hadi mwaka 2000 ishara ya raia ilipunguzwa ubora kwa makusudi, na kosa liliweza kufika mita 100. Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa upunguzaji huo, na usahihi ukawa wa mita 10 hadi 20 au bora zaidi. Mwaka huohuo Garmin ilitoa eTrex, kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. GPSMAP 60CSx ya mwaka 2006 ilikuwa na kipokezi chenye uwezo mkubwa wa kusikia ishara dhaifu, kipimo cha hewa cha kutolea mwinuko na dira ya ndani. Mwaka 2011 zilikuja eTrex 20 na 30, zinazopokea pia setilaiti za Urusi za GLONASS.

Katika Katavi, kifaa hicho kilishikwa kwanza na watu wa kazi. Katavi na Rukwa ni miongoni mwa maeneo ya mpango wa kimataifa wa kufuatilia ujangili wa tembo, na mizoga inayokutwa kwenye doria huandikwa pamoja na koordineti zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilihitaji mipaka ya vijiji ijulikane, na wapimaji wakaanza kuchukua pointi kwenye vijito, mawe na miti iliyokubaliwa na wazee wa pande zote mbili. Katika Wilaya ya Tanganyika, walinzi wa misitu ya vijiji hutumia simu zenye GPS kuandika mitego, miti iliyokatwa na dalili za sokwe, kazi iliyoendelezwa na Taasisi ya Jane Goodall. Misitu ya Ntakata, inayolindwa na vijiji vinane, imeingia katika biashara ya hewa ya ukaa, na doria zenye kumbukumbu za mahali ni sehemu ya ushahidi wake.

Makosa ya mita mia tatu

GPS ilipokutana na karatasi za Y742, tatizo lilijitokeza. Karatasi zimejengwa juu ya Arc 1960, msingi uliokokotolewa kwa pembetatu za ardhini. GPS hutumia WGS84, msingi wa dunia nzima unaofuata setilaiti. Misingi hii miwili hutoa namba tofauti kwa mahali pamoja. Katika Katavi tofauti ni robo kilomita au zaidi kidogo, ambayo kwenye karatasi ya 1:50,000 ni milimita tano au sita tu. Anayesoma namba kwenye karatasi na kuziingiza kwenye kifaa kilichowekwa WGS84 hupelekwa kaskazini mwa mahali halisi.

Katika uwanda wa Katisunga, ambapo mtu huona mbali, kosa hilo halina madhara makubwa. Katika mabonde ya milima ya Tongwe ni sawa na kuwa upande mwingine wa mgongo wa kilima, mbali na kijito kilichokusudiwa. Vifaa vingi vya Garmin vina Arc 1960 katika orodha ya misingi, na kuichagua kabla ya kuondoka huondoa sehemu kubwa ya kosa. Tanzania sasa ina mfumo mpya wa rejea, TAREF11, unaolingana na vipimo vya setilaiti, lakini karatasi za zamani hazikubadilika kwa kuanzishwa kwake.

Kuchagua leo

Urithi huu wote unaonyesha mpangilio wa kuchagua. Ardhi ndiyo ya kwanza: safari ikijulikana, karatasi za 1:50,000 zinazoifunika hutafutwa kutoka idara ya upimaji na ramani ya wizara ya ardhi, na mwaka wa picha za anga husomwa kabla ya kuamini barabara yoyote. Ramani za kidijitali hujaza kilichopitwa na wakati. Mwinuko uliopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000 hutolewa bure na hutengenezewa kontua, ingawa rada hiyo hupima zaidi vilele vya miti kuliko ardhi chini yake. OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, ina vijiji na barabara nyingi ambazo karatasi hazina. Ramani ya msingi inayokuja ndani ya kifaa huonyesha machache sana kwa Katavi, kwa hiyo kifaa kisichoweza kupakiwa ramani nyingine hubaki kama dira yenye namba.

Umeme ni wa pili. Simu yenye GPS hufanya kazi bila mtandao wa simu, lakini betri yake huisha mapema. Kifaa kinachotumia betri mbili za AA kama eTrex 20 huweza kuwaka karibu saa 25, na betri hizo hubebwa za akiba kwa safari ya siku nyingi. Skrini inayosomeka juani na vitufe vinavyobonyezeka kwa mkono wenye jasho au mvua vina faida kuliko skrini kubwa ya kugusa. Chini ya miombo ishara hupita vizuri, kwa kuwa majani si mazito na kiangazi mengi hupukutika. Katika misitu ya kando ya mito na mabonde membamba ya magharibi, kipokezi chenye uwezo na subira ya dakika kadhaa vinahitajika. Kipimo cha hewa ndani ya kifaa nacho hudanganya kama kipimajoto cha Speke kisiporekebishwa mahali penye mwinuko unaojulikana, na uso wa Ziwa Tanganyika ni mahali pazuri pa kufanyia hivyo.

Mtu ni wa tatu. Ndani ya Hifadhi ya Katavi matembezi ya miguu hufanyika pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu ya nyati, tembo na simba. Nje ya hifadhi, mrina asali au mlinzi wa msitu wa kijiji anajua maji yaliyobaki mwezi huu, daraja lililozolewa na mafuriko na njia iliyoachwa. Akitembea pamoja na karatasi na kifaa, anachokijua huchukuliwa pointi, huandikwa jina na kubaki kwa atakayefuata. Elimu ya kirangozi ilizikwa pamoja naye, na dira ya Stanley haikujua penye chakula. Sasa mambo hayo mawili yanaweza kukaa kwenye ramani moja.